"Ni Uzee Tu": Maumivu ya Mgongo na Wajibu wa Kuuliza

Jajja wangu alikuwa na gomesi moja ya rangi ya bluu, aliyoshonewa kwa ajili ya harusi ya shangazi yangu. Gomesi hushonwa kwa kipimo cha mvaaji, na pindo lake hufika viatuni likakomea hapo. Miaka saba baada ya harusi ile, Jajja aliivaa tena kwenda mazishini, na safari hii pindo lilikuwa likiburura vumbi. Mama alisema kitambaa kimelegea kwa kufuliwa. Shangazi alisema mshipi umefungwa chini mno. Fundi cherehani wa mtaani kwetu Naguru alilipunguza pindo kwa upana wa vidole vitatu, akalipwa, mambo yakaisha. Hakuna aliyefikiri kwamba kitambaa kilikuwa kilekile, na kwamba aliyepungua ni Jajja mwenyewe.

Katika insha hii nataka kuuliza swali moja: tunaposema kwamba maumivu ya mwanamke mzee "ni uzee tu", je, tunaeleza ukweli kuhusu mwili wake, au tunajiondolea wajibu? Nitasema kwamba mara nyingi tunafanya hilo la pili huku tukiamini tunafanya lile la kwanza. Sisemi hivyo kutoka nje. Mimi ni mmoja wa waliosema.

Kwanza nieleze lililotokea. Jajja ni mjane wa askari polisi. Aliishi miaka mingi katika kambi ya polisi ya Naguru, na ndiyo sababu nyumbani kwetu Kiswahili kilizungumzwa kabla ya Luganda na kabla ya Kiingereza. Babu alipofariki familia iliondoka kambini na kupanga vyumba viwili upande wa Godown, chini ya kilima. Mwaka 2021, shule zikiwa zimefungwa kwa sababu ya korona, nilikuwa nyumbani mchana kutwa. Kazi yangu ilikuwa kuchota maji kwenye bomba la jirani, jerikeni nne kila asubuhi. Siku moja nililala hadi saa nne. Jajja, aliyekuwa na umri wa miaka 71, hakuniamsha. Alichukua jerikeni moja ya lita 20, akaijaza, akainama kuinyanyua. Alisema baadaye kwamba alisikia kitu kama kijiti kikavu kinavunjika katikati ya mgongo. Hakuanguka. Aliketi juu ya jerikeni ile, akapumua kidogo, kisha akaikokota hadi mlangoni.

Alilala siku tatu. Siku ya nne tulimpeleka kwenye kliniki ndogo ya mtu binafsi. Aliyempokea alimuuliza umri, akabonyeza kiuno, ambako hakukuwa ndiko kunakouma, akaandika vidonge vya kutuliza maumivu. Alipouliza ugonjwa wenyewe ni upi, alijibiwa kwa upole kabisa kwamba ni uzee tu. Tulirudi nyumbani tukiwa tumefarijika. Naomba msomaji aliangalie neno hilo, tumefarijika, kwa sababu ndilo linalonisumbua hadi leo.

Sasa tuuangalie mwili kama wanavyoueleza wataalamu. Mfupa si jiwe. Ni kiungo kilicho hai, ambamo seli za aina moja hubomoa mfupa wa zamani na seli za aina nyingine hujenga mpya, maisha yote. Kwa mwanamke, homoni ya estrojeni huzizuia zile za kubomoa zisizidishe kazi. Hedhi inapokoma, kwa wengi karibu na umri wa miaka 50, estrojeni hushuka na mizani ile huharibika. Mfupa hupotea kwa kasi zaidi katika miaka mitano hadi kumi ya mwanzo. Pingili za uti wa mgongo huumia mapema kwa sababu ndani yake zimejaa mfupa wa vitundu, mfano wa sega la nyuki, na kuta za sega hilo zikiwa nyembamba mno pingili hubonyea. Haihitaji ajali. Kuinama na kunyanyua mzigo kunatosha, na wengine huvunjika kwa kukohoa. Kwa kawaida upande wa mbele ndio unaobonyea, pingili ikawa na umbo la kabari. Kabari mbili tatu zikipangana, mgongo huinamia mbele na mtu hupungua urefu. Tumbo husukumwa nje, pumzi hupungua, na gomesi huburura vumbi.

Mambo mawili katika maelezo hayo yana uzito kimaadili. La kwanza ni kwamba kiasi cha theluthi moja tu ya mivunjiko ya pingili ndiyo hugunduliwa na madaktari. Iliyobaki hupita ikiitwa uchovu, baridi, misuli au uzee. La pili ni kwamba mvunjiko mmoja huita mwingine. Utafiti uliochapishwa mwaka 2001 juu ya wanawake waliokwisha kukoma hedhi uliona kwamba mmoja kati ya watano waliovunjika pingili alivunjika nyingine ndani ya mwaka uliofuata. Kwa hiyo anayesema "ni uzee tu" siku ya mvunjiko wa kwanza anagusa pia mwaka wote unaokuja, hata kama hajui.

Mtu anaweza kusema: lakini kweli ni uzee! Hizo seli, hiyo homoni, si ndivyo mwili unavyozeeka? Hoja hii si ya kipuuzi, na katika falsafa ina mtetezi mwenye nguvu. Christopher Boorse, mwanafalsafa wa Marekani, katika makala yake ya mwaka 1977 alitoa nadharia kwamba afya ni viungo kufanya kazi yake kwa kiwango cha kawaida, na kwamba kawaida hiyo hupimwa kwa kumlinganisha mtu na wenzake wa umri wake na jinsia yake. Nadharia hii ina uzuri wake. Mtoto wa miezi mitatu hatembei, na hatuiti hali hiyo ugonjwa. Mwanamke wa miaka 60 hapati hedhi, na hatuiti hali hiyo ugonjwa pia. Lakini ipeleke nadharia hiyo kwenye mfupa. Kama wanawake wengi wa miaka 75 wana mifupa myembamba, basi mifupa myembamba ndiyo kawaida ya kundi lao, na mwenye mgongo uliobonyea anakaribia kuwa mzima kwa sababu wenzake pia wamebonyea.

Madaktari walipata shida hiyohiyo wakaitatua kwa uamuzi. Ugonjwa wenyewe, kwa maana ya udhaifu wa mifupa unaofuata kukoma hedhi, ulielezwa na daktari Fuller Albright na wenzake wa Marekani mwaka 1941, naye alikwisha kuuhusisha na upungufu wa estrojeni. Mwaka 1994 kamati ya Shirika la Afya Duniani ilipoweka kipimo cha kuutambua, ilikataa kumlinganisha mwanamke mzee na wazee wenzake. Ilimlinganisha na mwanamke kijana mwenye afya. Akipungukiwa kwa kiasi cha vipimo sanifu 2.5 au zaidi chini ya wastani wa vijana, ana ugonjwa, hata kama mtaa mzima wa wazee uko vivyo hivyo.

Hapa naona jambo kubwa kuliko tiba. Mfupa ni uleule katika mizani zote mbili. Ukiuweka kando ya mifupa ya wazee ni mzima, ukiuweka kando ya mifupa ya kijana ni mgonjwa. Mfupa wenyewe hautuambii tuuweke kando ya nani, hilo tunaliamua sisi. Na kwa kuwa ni uamuzi, kuna anayewajibika kwa uamuzi huo, kama tunavyowajibika kwa maamuzi mengine. Neno "uzee" huficha uamuzi kwa kuuvalisha sura ya maumbile. Mvua inyeshayo haina wa kulaumiwa. Tukimfanya bibi kuwa kama mvua, hakuna anayelazimika kuinuka kitini.

Kwa kuwa sisi ni wanafunzi wa lugha, niseme kidogo kuhusu maneno yenyewe. Mtu na mzee wako katika ngeli ya M-WA. Lakini mzee akizidi uzee tunamwita kizee au kikongwe, na mgongo wake ukipinda tunamwita kibiongo. Amehamia KI-VI, kwenye kipofu, kiziwi, kiwete na kilema, ngeli ambayo pia ndiyo tunayotumia kudunisha vitu. Najua mhadhiri wangu ataniuliza kuhusu kiongozi na kijana, ambao wamo humohumo wala hawajadunishwa. Ni kweli, na sitaki kujenga falsafa yote juu ya kiambishi. Pia upatanisho wa sarufi hubaki wa mtu: tunasema kikongwe amefika. Hata hivyo wenyewe tumekwisha kuona tatizo, ndiyo maana leo tunasema mtu mwenye ulemavu badala ya kilema. Kwa kibiongo hatujafanya hivyo. Kisha kuna ajuza, neno la heshima kiasi kwa mwanamke mzee, lililotoka katika Kiarabu, kwenye mzizi wenye maana ya kushindwa au kutokuwa na nguvu. Ndugu yake katika Kiswahili ni ajizi, ileile tunayoambiwa kuwa ni nyumba ya njaa. Yaani jina la mwanamke mzee limekwisha kubeba ndani yake habari kwamba hawezi. Akisema hawezi kunyooka, ni nani atashtuka?

Miranda Fricker, mwanafalsafa wa Uingereza, katika kitabu chake cha mwaka 2007 alieleza aina mbili za dhuluma zinazomhusu mtu kama mjuzi wa mambo. Moja ni pale neno la mtu linapopunguziwa uzito kwa sababu ya yeye ni nani. Nyingine ni pale jamii inapokosa maneno ya kueleza jambo linalompata, hata yeye mwenyewe asiweze kulielewa vizuri. Jajja alipatwa na zote mbili kwa wakati mmoja. Alisema maumivu yako katikati ya mgongo, juu ya kiuno. Alisema yalianza saa fulani, siku fulani, kwa sauti ya kuvunjika. Huo ni ushahidi wa wazi kuliko hata ule unaotakiwa mahakamani. Tulisikia "mgongo unaniuma" tukaacha mengine yote. Na Jajja hakuwa na neno jingine la kutupa. Kwake mfupa uliovunjika ulikuwa ule wa mguu au mkono, unaofungwa plasta. Hakujua kwamba mtu anaweza kuvunjika huku anatembea.

Jajja aliendelea hivyo kwa miaka miwili. Tena si kwamba tunaishi kijijini mbali. Kilima chetu kina hospitali ya serikali, iliyojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 2012, na watu huja kutoka mbali kuitafuta. Sisi tulikuwa tukipita karibu nayo kwenda sokoni. Hatukuwa tumezuiwa na umbali. Tulikuwa tumezuiwa na jibu, kwa sababu mwenye jibu hatafuti tena.

Mwaka 2023 alibanwa na kikohozi, maumivu yakarudi kwa nguvu, na safari hii rafiki wa mama, muuguzi, akasisitiza apigwe picha ya eksirei. Picha ilionyesha pingili tatu zilizobonyea. Mbili zilikuwa za zamani. Daktari alimweleza Jajja taratibu, akimwonyesha kwa kidole pingili nzima na pingili zilizogeuka kabari. Jajja aliitazama ile picha kwa muda mrefu. Kisha akauliza, "Kwa hiyo, daktari, nilikuwa sidanganyi?"

Hakuna mtu nyumbani aliyewahi kumwambia anadanganya. Nimelifikiria sana hilo. Hatukumwambia, lakini kila tuliposema "ni uzee tu, Jajja, pole" tulikuwa tumeuondoa ushahidi wake mezani kwa adabu, na yeye alijua.

Sasa nijibu pingamizi, na la kwanza alilitoa Jajja mwenyewe. Yeye pia alikuwa akisema ni uzee. Shangazi alipompigia simu kutoka Gulu, alijibu, "Ni uzee, mwanangu, nashukuru Mungu nimeufikia." Je, nina haki gani mimi, kijana wa chuo, kumnyang'anya mzee maelezo yanayompa amani? Kuna heshima katika kuukubali mwili unaochakaa. Tena kuna ubaya wa kweli katika dunia inayogeuza kila kunyanzi kuwa ugonjwa na kila ugonjwa kuwa biashara ya vidonge. Pingamizi hili nalichukua kwa uzito, na sehemu yake nimelikubali. Sitaki Jajja aishi akijiona mgonjwa kila siku.

Lakini tofautisha kukubali na kukatishwa tamaa. Mtu hukubali jambo akiwa amelijua. Jajja hakuwahi kuambiwa kwamba kuna mvunjiko, kwamba unaweza kupigwa picha, kwamba kuna la kufanya ili usije wa pili. Ukimnyima mtu taarifa kisha ukamsifu kwa uvumilivu, sifa hiyo ni yako wewe unayefaidika nao. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na methali hiyo hulaumu mgonjwa peke yake. Mimi ningependa kuuliza mgonjwa huyo alifundishwa na nani kuficha. Mwanamke aliyeamka kabla ya wote miaka 50, akabeba maji, kuni na watoto, akisikia kila akilalamika kwamba wenzake hawalalamiki, hahitaji kufundishwa tena akifika 70.

Pingamizi la pili ni la rasilimali, na ni gumu zaidi. Rafiki yangu mmoja wa kitivo cha sayansi aliniambia waziwazi: nchi ambayo watoto bado wanakufa kwa malaria haina nafasi ya kupima mifupa ya wazee. Mashine ya kupima uzito wa mifupa ni ghali. Dawa ni za muda mrefu. Na wazee wetu wanapewa nini kwa sasa? Ruzuku ya wazee ya serikali, iliyoanza kwa majaribio mwaka 2010, ni shilingi 25,000 kwa mwezi, na ilipopelekwa nchi nzima iliwekewa umri wa miaka 80. Jajja hajaufikia. Akaongeza kwamba utafiti uliofanywa Gambia na kuchapishwa mwaka 1996 ulikuta wanawake wa vijijini wenye mifupa yenye madini kidogo, lakini mivunjiko michache. Labda, alisema, hili ni tatizo la Wazungu tunaliazima.

Kuhusu Gambia, rafiki yangu amesema kweli, na inatupasa kuwa waangalifu tusihamishe vipimo vya London kuja Kampala bila kuuliza. Lakini uchache wa mivunjiko katika kundi haumwambii mwanamke aliyevunjika kwamba hakuvunjika. Tena maisha ya Naguru si ya kijiji kile. Kuna wanawake wanaoishi na VVU wanaotumia tenofovir, dawa inayookoa maisha yao na ambayo inajulikana kupunguza uzito wa mifupa kiasi. Kuna walioitumia sindano ya Depo kwa miaka mingi, nayo inajulikana hivyo hivyo, hata mamlaka ya dawa ya Marekani iliiwekea onyo kali mwaka 2004. Hapa hapa Kampala watafiti wamewapima wanawake wa namna hiyo mifupa. Wengi wao ni wa umri wa mama zetu. Wanakuja kuingia katika miaka ya kukoma hedhi wakiwa wametanguliwa na upungufu.

Kuhusu fedha, nitakubali jambo moja bila kuzunguka: kama ingekuwa ni kuchagua kati ya mashine ya mifupa na chandarua za watoto, ningechagua chandarua, na nadhani Jajja angenitangulia. Lakini hatukuwa mbele ya chaguo hilo. Lililohitajika siku ile ya nne lilikuwa swali: uchungu ulianza lini, ulikuwa unafanya nini, uko wapi hasa, umepungua urefu? Lilihitajika jicho la kutazama mgongo na picha moja ya eksirei ya kawaida. Na ilihitajika mtu mwingine abebe maji. Hoja ya umaskini ni ya kweli inapohusu mashine. Inapohusu swali, ni kisingizio, kwa maana kuuliza hakulipiwi.

Kuna jambo jingine ambalo rafiki yangu hakulifikiria, wala mimi hadi nilipoongea na yule muuguzi. Pingili zinazobonyea si lazima ziwe za udhaifu wa mifupa. Kifua kikuu huingia hadi kwenye uti wa mgongo na kuzila pingili, na nchini kwetu si jambo geni. Saratani nayo hufika huko. Kwa Jajja haikuwa hivyo, tunashukuru. Lakini yule wa kliniki hakuwa na njia ya kujua. "Uzee" kwake halikuwa jina la ugonjwa baada ya kuchunguza, lilikuwa jina lililochukua nafasi ya kuchunguza. Mganga anayesema "sijui" anaacha mlango wazi, mgonjwa atakwenda kwingine. Anayesema "ni uzee tu" ameufunga akiwa nje na mgonjwa ndani.

Nimebaki na langu. Je, nililala tu, au nilimkosea? Sikujua kwamba jerikeni ingeweza kuvunja mgongo. Kwa kawaida tunasema asiyejua hana hatia. Aristotle, katika kitabu cha tatu cha maadili yake, alikuwa mkali zaidi. Alitaja sheria zilizomwadhibu mlevi mara mbili, kwa sababu alikuwa na uwezo wa kutolewa, na alisema kwamba hata asiyejua huadhibiwa ikiwa kutojua kwake kumetokana na uzembe wake, jambo ambalo lilikuwa rahisi kulijua. Ninajipima kwa hilo. Asubuhi ile sikujua, na kwa asubuhi ile naweza kujisamehe, ingawa maji yalikuwa kazi yangu. Miaka miwili iliyofuata ni hesabu nyingine. Nilikuwa na simu yenye intaneti. Nilisoma juu ya mpira, juu ya siasa, juu ya nadharia za fasihi. Nilimwona Jajja akianza kuketi kitandani kwa kujiviringisha ubavuni, akaacha kuanika nguo kwenye kamba ya juu, akaomba kamba ishushwe. Niliishusha kamba. Niliishusha mimi mwenyewe kwa mikono hii, nikaifunga vizuri, nikaendelea na mambo yangu. Kutojua kwangu kulikuwa ni kwa kujitakia, na wala sidhani kwamba ni ukatili. Naliona kuwa jambo la kawaida zaidi ya ukatili: nilikuwa na neno lililonitosha.

Jajja sasa anatumia tembe moja kwa wiki, mwezi tunaoweza kuinunua. Humezwa tumboni kukiwa hakuna kitu, kwa maji mengi, kisha mtu akae wima nusu saa bila kulala. Yeye ameichagua Jumapili kabla ya kwenda kanisani. Huketi kwenye kiti cha mbao ameegemeza mto, akitazama saa ya ukutani, kwa maana kukaa wima nusu saa kwa mgongo ule ni kazi kubwa. Tumerudisha mukene mezani, tunaila na mifupa yake, naye hutembea jioni hadi kwenye duka la kona na kurudi. Pingili hazitarudi zilivyokuwa. Daktari alisema hivyo na Jajja akalipokea vizuri kuliko sisi. Gomesi ya bluu amempa shangazi.

Lililobaki ni mama. Ana miaka 53, na tangu mwaka juzi amekuwa akisimama jikoni akiwa ameshika kiuno kwa mkono mmoja. Nilimuuliza kunauma wapi hasa, na kulianza lini. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa mshahara wake. Akasema ni uchovu tu, niache maswali ya chuo kikuu, nikachote maji. Nilichota. Niliporudi nilimuuliza tena, na mpaka ninapoandika haya hajanijibu.